Viza ya kwenda kusoma Kiingereza: hesabu wiki kwanza, nchi baadaye

Mwezi huu maswali yaliyoingia ni viza, viza, viza, na karibu wote mnaanza vilevile, "mwalimu nataka kwenda nje kujifunza Kiingereza, viza gani ni rahisi?" Nimechagua barua chache nikazifupisha, majina nimeacha herufi tu manake wengine mmeandika mpaka namba za paspoti jamani, msifanye hivo, hata mi sihitaji kuzijua. Na sheria za viza zinabadilika hata katikati ya mwaka, kwa hiyo kabla hujalipa hela yoyote ingia kwenye tovuti ya serikali ya nchi unayoitaka usome mwenyewe, hata kama ni mi ndo nimekwambia.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, Kiingereza nakisoma vizuri tu na imeili za ofisini naandika, shida ni kuongea, nikikaa kwenye kikao na wageni ulimi unakuwa mzito naishia kutabasamu. Nimeweka akiba nataka kwenda Uingereza. Rafiki yangu mmoja anasema niombe viza ya mwanafunzi, mwingine anasema niombe ya matembezi tu, shule nitatafuta nikishafika. Nani mkweli? – R.

JIBU: Marahaba R. Wote wawili wana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli kwenye mambo ya viza ndo inayokula hela za watu.

Uingereza ina milango mitatu kwa mtu wa lugha na kinachoamua uingie upi ni urefu wa kozi. Kozi isiyozidi miezi 6, unaingia kwa viza ya kawaida ya mgeni, ile ile ya watalii, inaruhusu kusoma mradi shule iwe imethibitishwa na vyombo vinavyotambulika. Kozi inayozidi miezi 6 lakini haifiki zaidi ya 11, kuna viza ya masomo mafupi ambayo imetengwa kwa ajili ya Kiingereza peke yake, lazima uwe umefikisha miaka 16, huwezi kuiongeza muda, huwezi kwenda na mume wala mtoto kama wategemezi wako, na kazi hakuna kabisa, hata ya kujitolea. Halafu mlango wa tatu ndo hiyo viza ya mwanafunzi anayoisema rafiki yako wa kwanza, ile ya pointi 70, ambayo shule inakutumia namba inaitwa CAS. Sasa hapa ndo watu wanaumia. Ukitaka kusoma lugha tu kwa viza hiyo, kozi yenyewe lazima iwe ya ngazi ya B2 (ya nne kati ya ngazi sita za lugha) au juu yake, na we mwenyewe unatakiwa uthibitishe Kiingereza chako kabla. Yaani ni mlango wa mtu ambaye tayari anakijua. Anayeanza na "how are you" haumhusu, hata awe na hela kiasi gani.

Rafiki yako wa pili yuko sahihi kwenye aina ya viza ila hilo la "shule nitatafuta nikishafika" achana nalo. Fomu inakuuliza unakwenda kufanya nini. Ukiandika matembezi halafu mpakani ukakutwa na madaftari na barua ya shule kwenye simu, utaanza kueleza, na kueleza kwenyewe ulisema ndo shida yako. Pata barua ya shule kwanza, andika nakwenda kusoma wiki kadhaa, weka barua, basi.

Kwa hiyo unahitaji wiki ngapi? Hii ndo hesabu ninayotaka kila mtu aifanye kabla hajataja nchi. Lugha inapimwa kwa ngazi sita, A1 mpaka C2. Makadirio ya Cambridge ni kwamba mtu akianzia sifuri anahitaji kama saa 350 mpaka 400 za kufundishwa kufika B1, na saa 500 mpaka 600 kufika B2, kwa hiyo ngazi moja na inayofuata pale katikati zimeachana kama saa 200 hivi. Shule nyingi za lugha zinatoa saa 15 au 20 za darasa kwa wiki. Piga: wiki 12 mara saa 20 ni saa 240. Kwa mtu kama we ambaye kusoma na kuandika uko vizuri na unachodai ni mdomo tu, wiki 12 zinatosha kabisa, tena zinakaa ndani ya ile viza ya mgeni bila kuacha kazi mwaka mzima. Mi ningekushauri wiki 10 mpaka 12, ukae nyumbani kwa familia ya wenyeji badala ya hosteli, manake hosteli utakuta watu wa lugha yako na jioni mnarudi kulekule. Nilishaona mtu karudi baada ya miezi sita, Kiingereza kimesogea kidogo, Kihispania anakiongea vizuri kabisa, wenzake wa chumbani wote walikuwa wanatoka Kolombia.

SWALI: Mambo mwalimu, naomba niende moja kwa moja. Nataka nchi ambayo nasoma Kiingereza huku nafanya kazi, kazi ijilipie ada na hela ya kula. Ejenti mmoja kaniambia Kanada, mwingine Marekani, mwingine Ailandi. Wapi wanaruhusu? – K.M.

JIBU: Poa K.M. Kati ya hizo tatu ni moja.

Marekani, mwanafunzi wa lugha mwenye F-1, ndo viza yao ya mwanafunzi, hafanyi kazi nje ya shule. Kuna kazi za ndani ya chuo mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, ila shule ya lugha yenye ghorofa moja na mapokezi mawili itakupa kazi gani? Na yale mafunzo ya vitendo wanayopewa wanafunzi wa digrii baada ya masomo, wa lugha hawamo. Kanada wanaruhusu wanafunzi wa vyuo kufanya kazi nje saa 24 kwa wiki, hiyo ipo tangu Novemba 2024, na ejenti wako kaisoma hapo akaishia hapo, hakufika mstari unaosema anayesoma Kiingereza au Kifaransa kama lugha ya pili peke yake hahusiki. Uingereza, kwa viza ya masomo mafupi nimeshasema, hakuna.

Ailandi ndo wanaruhusu, kwa masharti. Kozi iwe kwenye orodha ya serikali ya kozi zinazokubalika, iwe ya wiki 25 na si chini ya saa 15 kwa wiki, na darasa la mchana. Ukifika unajiandikisha uhamiaji unalipa euro 300, unapewa ruhusa inayoitwa Stamp 2 ya miezi 8, hizo wiki 25 za darasa pamoja na likizo. Hapo unaruhusiwa saa 20 kwa wiki, na saa 40 kwa wiki ile miezi ya Juni mpaka Septemba na kuanzia 15 Desemba mpaka 15 Januari. Mahudhurio yasishuke chini ya asilimia 85, wanaangalia kwelikweli, na mwisho wa kozi unafanya mtihani wa chombo cha nje ya shule. Unaweza kuchukua kozi kama hiyo mara tatu tu, jumla miaka miwili, baada ya hapo kama unataka kubaki ni lazima upande kozi ya chuo. Ukichukua kozi fupi isiyofika siku 90, unapewa viza ya muda mfupi na kazi inakufa hapohapo.

Na Australia hukuiuliza lakini nayo ipo. Kule hakuna viza ya pekee ya lugha, ni viza ya mwanafunzi namba 500 kwa wote, na kozi za lugha wanaziita ELICOS, saa 20 za darasa kwa wiki. Unaruhusiwa kazi saa 48 kwa kila wiki mbili kozi ikishaanza. Ila ada ya kuomba viza peke yake ilipandishwa Julai 2024 kutoka dola zao 710 mpaka 1,600, na Julai 2025 ikapanda tena mpaka 2,000, na ukinyimwa hairudi. Juu yake kuna bima ya afya ya muda wote utakaokaa, nayo unailipia kabla.

Sasa K.M., kitu kilichonishtua kwenye barua yako ni hilo la "kazi ijilipie ada". Hakuna nchi hata moja kati ya hizi inayokubali hesabu hiyo. Zote zinataka kuona hela ya ada na ya kuishi kabla hujaondoka, na ofisa akisoma kwenye maelezo yako kwamba unategemea kibarua cha huko, kesi imeisha, si kwa sababu wana roho mbaya, ila umemwambia kwa mkono wako kwamba unakwenda kutafuta kazi. Kazi ihesabu kama hela ya nauli ya basi na vocha ya simu. Kama bila kibarua mpango hausimami, basi mpango bado, subiri mwaka mmoja uongeze akiba. Najua hupendi kusikia hivo.

SWALI: Mwalimu habari. Baba yangu mdogo anaishi Marekani, amesema niende kwake nikakae nisome Kiingereza, yeye atalipa kila kitu. Anasema niombe viza ya kutembelea ndugu halafu shule iko karibu na kwake nitakuwa naenda asubuhi. Pia naogopa intavyuu, nitaulizwa kwa Kiingereza na mi ndo nakwenda kukijifunza, si nitafeli pale dirishani? – Kijana S.

JIBU: Habari nzuri S. Baba mdogo ana nia nzuri ila hapo anakuingiza pabaya. Viza ya mgeni ya Marekani, ile B-2, inaruhusu kozi ndogo ya kujifurahisha wakati wa matembezi, vipindi viwili vitatu kwa wiki, isiyo na cheti cha kuhesabika popote. Kozi kamili ya lugha kila asubuhi ni masomo, na masomo yanataka F-1. Ukisoma kozi kamili kwa B-2 umevunja masharti ya viza, na siku unaomba nyingine hilo linakungoja.

Njia ya F-1 ni hivi. Unatafuta shule iliyoidhinishwa na serikali yao kupokea wanafunzi wa nje, orodha iko wazi kwenye tovuti ya serikali inayoitwa Study in the States, na kwa kuwa ni ya lugha shule hiyo lazima iwe imethibitishwa pia, kuna sheria ya mwaka 2010 iliyolazimisha hivo baada ya shule uchwara kuzidi. Shule inakukubali inakutumia karatasi ya I-20. Ukishaipata unalipa ada ya SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa nje, dola 350, unajaza fomu ya DS-160, unalipa ada ya viza dola 185, unapanga intavyuu. Masomo ya lugha ya muda wote kwao ni saa 18 kwa wiki kama ni darasani, ukishuka chini bila ruhusa umepoteza hadhi ya mwanafunzi. Baba mdogo kukulipia ni ruhusa kabisa, alete barua ya udhamini, taarifa ya benki na uthibitisho wa kazi yake, na muwe na kitu kinachoonyesha ni baba mdogo kweli.

Ila kabla ya hata kutafuta shule, angalia paspoti yako ni ya nchi gani. Kuanzia Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza kwa raia wa nchi kadhaa, na za masomo zimo, na orodha hiyo haikai ilivyo. Usilipe SEVIS kabla hujaiangalia.

Kuhusu intavyuu, swali lako nimelipenda manake watu wengi wanaliogopa na hawaliulizi. Kwa mwanafunzi wa lugha Kiingereza kibovu si kosa, ndo sababu yenyewe ya safari, na I-20 ya shule ya lugha inaandika kabisa kwamba hukutakiwa kukijua kabla. Ofisa haangalii sarufi. Anaangalia kifungu kinaitwa 214(b), ambacho kinamtaka aanze kwa kuamini kwamba we unakwenda kubaki, mpaka umwonyeshe vingine. Na kwako hiyo kazi ni ngumu kidogo kuliko kwa mwingine, kijana, hujaoa, ndugu yuko huko, kila kitu kinalipwa na ndugu huyohuyo. Kwa hiyo maswali yako ya kujiandaa ni haya: kwa nini Kiingereza, kwa nini kule na si kozi ya karibu na kwenu, ukimaliza unarudi kufanya nini ambacho sasa hivi bila Kiingereza huwezi? Jibu kwa sentensi fupi zako mwenyewe. Ukikariri aya ya Kiingereza cha mtu mwingine, kisha ukaulizwa kitu kidogo nje ya hiyo aya ukanyamaza, hapo ndo utaonekana muongo wakati ulikuwa mkweli.

Mi nilifanya hilo kosa. Ujana wangu nilikariri majibu kumi, sitaji ubalozi gani, mama wa dirishani akaniuliza tu "umeamkaje" nikamjibu kwa jibu namba moja, natarajia kusoma na kurudi kujenga taifa. Alicheka. Viza hakunipa.

SWALI: Ejenti ananidai nusu ya hela kwanza, anasema viza ni uhakika asilimia mia, na kama benki yangu haina hela za kutosha yeye ana watu wa "kunyanyua akaunti". Barua ya shule kashanitumia kwenye WhatsApp. Nimlipe? – Mama J.

JIBU: Usimlipe, mama. Hakuna binadamu anayeweza kuahidi viza, hata aliye ndani ya ubalozi hawezi. Ejenti mzuri wapo, wanakusaidia kujaza na kupanga karatasi, na mara nyingi shule ndo inawalipa kamisheni, ila kauli yao ni "tutajaribu".

Barua iliyokuja kwa WhatsApp we mwenyewe unaweza kuihakiki ndani ya dakika ishirini. Kwa Kanada tafuta jina la shule kwenye orodha ya taasisi zenye namba ya DLI, yaani zilizoruhusiwa kupokea wanafunzi wa nje, na tangu mwaka 2024 waombaji wengi wanahitaji pia barua ya uthibitisho ya jimbo, bila hiyo ombi linarudishwa. Australia kila kozi ya wanafunzi wa nje ina namba ya CRICOS, rejista yao ya serikali. Marekani nimeshasema kwa S. Uingereza kuna rejista ya wenye leseni ya kudhamini wanafunzi, na kwa kozi fupi angalia kama shule imo kwenye orodha ya British Council ya shule zilizothibitishwa. Ukiikuta, usitumie namba ya simu iliyo kwenye barua, chukua iliyo kwenye tovuti ya shule, waandikie uwaulize kama barua namba fulani ni yao.

Na hiyo ya kunyanyua akaunti, yaani wanakuwekea hela za watu siku tatu halafu zinatoka, ikigundulika haihesabiki kosa la ejenti, sahihi kwenye fomu ni yako. Kanada ukikutwa na udanganyifu unafungiwa miaka 5. Uingereza inaweza kufika 10. Ejenti mwenyewe keshabadili namba ya simu.

SWALI: Nilinyimwa viza ya kozi ya lugha, barua inasema hawajaridhika kwamba nitaondoka mwisho wa masomo. Nina miaka 38, nina kazi, mke na watoto watatu, niondoke niende wapi? Nimekasirika nataka kuomba tena kesho nchi nyingine na nisitaje kwamba nilinyimwa. – Bwana T.

JIBU: Pole sana kaka, hasira naielewa. Ila litaje. Fomu nyingi zinauliza wazi kama umewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote, na baadhi ya nchi hizi, Uingereza, Kanada, Marekani, Australia na New Zealand, zinabadilishana taarifa. Kunyimwa hakukufungi mlango. Kuficha kunakufunga.

Halafu rudi kwenye ombi lako ulisome kama we ndo ofisa, hujui mke wala watoto wala bosi, una karatasi tu. Watoto watatu, vyeti vya kuzaliwa uliweka? Kazi, kuna barua ya mwajiri inayosema umepewa likizo kuanzia tarehe fulani na unarudi tarehe fulani, au iliandika tu "ni mfanyakazi wetu"? Akaunti, hela ilikuwa inaingia kidogokidogo kila mwezi au iliingia yote wiki moja kabla? Kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza hela inatakiwa ikae siku 28 mfululizo, lakini hata sehemu zisizo na sharti la siku, hela iliyotua jana inauliza swali.

Na kozi yenyewe. Mtu wa miaka 38 mwenye kazi akiomba kozi ya lugha ya mwaka mzima, ofisa anajiuliza hiyo kazi inamngoja kweli? Ukiomba wiki 8, na mwajiri akaandika kwamba kitengo chako kinaanza kuwasiliana na wateja kwa Kiingereza, karatasi zinashikana zenyewe. Mara nyingi watu wanadhani wamenyimwa kwa ajili ya nchi yao, kumbe ni wiki zimezidi maisha yao.

SWALI: Mwanangu ana miaka 15, nataka aende likizo moja akasome Kiingereza. Anaweza peke yake? – Mama wa kijana.

JIBU: Anaweza. Uingereza ataingia kwa viza ya mgeni kwa kuwa hajafika 16 ile ya masomo mafupi haimhusu, na kwa likizo haihitajiki. Wanataka barua yenu wazazi ya kukubali, na maelezo ya nani anampokea uwanja wa ndege, analala wapi, nani anamwangalia. Chagua shule yenye kambi ya watoto na walezi wake, usimpeleke kwenye shule ya watu wazima eti kwa sababu ni rahisi zaidi.

SWALI: Nchi zote mnazozitaja ni za wenye hela. Hakuna kwingine? – Msomaji asiye na pesa (na sioni aibu).

JIBU: Usione. Kuna Malta, kisiwa cha Ulaya kilichotawaliwa na Waingereza mpaka 1964, Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta na shule za lugha zimejaa. Wamo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo kozi isiyozidi siku 90 ni viza ya Schengen ya kawaida, ila kumbuka hizo 90 zinahesabiwa ndani ya siku 180, ukizitumia zote huko usitegemee kupita Ufaransa wakati wa kurudi. Zaidi ya hapo ni viza ya taifa, foleni yake ndefu.

Halafu kuna Ufilipino, ambako watu wetu hawakufikirii kabisa wakati Wakorea wamekwenda miaka na miaka. Kiingereza ni lugha rasmi, na utamaduni wa shule za miji ya Cebu na Baguio ni mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja, saa kadhaa kwa siku, ambavyo Ulaya ukitaka utauza shamba. Unaingia kama mgeni halafu shule inakuombea uhamiaji kibali maalumu cha kusoma, kinaitwa SSP. Kibali hicho kimefungwa kwenye shule hiyohiyo, ukihama shule unaanza upya na kulipa upya. Ukizidi siku 59 unahitaji pia kitambulisho cha mgeni. Lafudhi? Watu wanauliza sana. Mi nasema kwanza uwe na maneno, lafudhi utaichagua baadaye.

SWALI: Nikienda kwa viza ya kozi fupi nikapenda, si naweza kubadilisha nikiwa hukohuko nikaingia chuo? – D.

JIBU: Uingereza hapana, si kwa ya mgeni wala ya masomo mafupi, unarudi kwenu unaomba upya. Australia nayo tangu 1 Julai 2024 aliyeingia kwa viza ya mgeni haombi ya mwanafunzi akiwa ndani. Kama chuo kiko kichwani tangu mwanzo, sema tangu mwanzo. Australia unaweza kuunganisha kozi ya lugha na ya chuo kwenye viza moja, mradi barua za usajili zifuatane, na Uingereza kuna vyuo vinavyokupa kozi ya lugha ya wiki chache kabla ya digrii.

SWALI: Mwalimu la mwisho, lazima niwe na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza? Na niombe viza muda gani kabla? – Z.

JIBU: Kwa kozi ya lugha peke yake mara nyingi si lazima, isipokuwa ile viza ya mwanafunzi ya Uingereza, na hapo angalia vizuri, IELTS ya kawaida na IELTS ya UKVI, ile ya idara yao ya viza, ni mitihani miwili, watu wanalipia ya kwanza wanakuta haikubaliki. Matokeo yanadumu miaka miwili.

Muda: Uingereza ya mgeni na ya masomo mafupi unaomba mapema zaidi miezi 3 kabla ya safari, ya mwanafunzi miezi 6 kabla ya kozi, na ukikaa zaidi ya miezi 6 wakazi wa nchi nyingi wanatakiwa kupima kifua kikuu kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao, hiyo nayo ina foleni. Schengen miezi 6 kabla na si chini ya siku 15. Marekani viza inaweza kutoka hata mwaka mmoja kabla, ila kuingia huruhusiwi mpaka zibaki siku 30 kozi ianze. Na paspoti, Z, ifungue leo uone inaisha lini, nina msomaji hapa kalipa ada ya kozi ya miezi tisa na paspoti yake imebakiza minne.